Siku saba kwenye barabara ya Zambia

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Morogoro

Tumetoka Kimara saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi na mjomba, kwa gari dogo nililoliazima kwa shemeji. Nilipomwamkia, aliitika "Marahaba mwanangu" huku ameinama anabonyeza tairi la mbele kushoto. Ana miaka zaidi ya sabini na tano sasa, na usukani wa malori aliuacha siku nyingi, lakini gari haliondoki mbele yake bila matairi kuguswa yote manne.

Tunakwenda Tunduma. Ni kilomita 930 hivi, na basi la alfajiri lingetufikisha usiku huohuo. Sisi tumejipa siku saba. Mjomba aliianza barabara hii mwaka 1967 akiwa utingo wa miaka kumi na minane, na ada zetu za shule, watoto wote wa nyumba ya bibi, zilitoka kwenye posho zake za safari. Shuleni nikafundishwa habari za TAZARA: Wachina, mahandaki, madaraja, urafiki wa Mwalimu na Mwenyekiti Mao. Nilijibu maswali hayo kwenye mitihani na nikapata alama zake. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kwamba kabla ya reli kuwapo, Zambia ilikuwa ikilishwa mafuta na watu waliokaa kwenye malori, kwenye barabara ya vumbi na tope, na kwamba mmoja wao alikuwa akila ugali mezani kwetu. Nimemwomba anionyeshe njia yake angali na nguvu za kupanda na kushuka garini.

Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara imekuwa pana kama uwanja, njia nane. Tumepita Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli iliyofunguliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo, mabasi yakitoka moja nyuma ya jingine kwenda kila pembe ya nchi. Nyumba nyingi za pembeni zilivunjwa 2017 kupisha upana huu. Siwezi kupita hapa bila kuwafikiria waliokuwa wakiishi humo. Barabara kubwa ina wenyewe wanaoilipia kabla hata gari la kwanza halijapita.

Baada ya Mlandizi na daraja la Ruvu ikaja mizani ya Vigwaza. Foleni ya malori ilikuwa ndefu. Kikomo ni tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, gari na mzigo kwa pamoja, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mjomba aliyatazama yale marefu yenye makontena mawili akatikisa kichwa. Gari lake la kwanza lilikuwa na madumu ya chuma ya petroli yaliyosimamishwa wima na kufungwa kwa kamba za katani na minyororo, na kupima mzigo ilikuwa ni kutazama springi zimelala kiasi gani.

Tulikunywa chai Chalinze, penye njia panda ya Tanga na Arusha. Hapo ndipo alianza kuhadithia, na nitaiandika kama nilivyoielewa. Zambia ilipata uhuru Oktoba 24, 1964. Haina bahari. Shaba yake ilikuwa ikitoka kwa reli ya kusini, kupitia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mafuta yake yalikuja kwa njia hiyohiyo. Novemba 11, 1965, Ian Smith na walowezi wake wakajitangazia uhuru wao, uhuru wa Wazungu wachache juu ya Waafrika wengi. Dunia ikaiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, na Zambia, iliyokuwa ikinywa kwenye bomba la adui, ikabaki na kiu. Rais wake, Kaunda, akageukia kaskazini mashariki, na kaskazini mashariki palikuwa na Nyerere, bandari ya Dar es Salaam, na barabara ambayo lami yake ilikuwa ikiishia Morogoro.

"Zilizobaki zote vumbi," mjomba alisema. "Na masika, si vumbi tena."

Tumelala Morogoro, Uluguru ikiwa imevaa wingu.

Siku ya pili: Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni

Asubuhi tulisimama Msamvu. Sikutaka kupita bila kusimama. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka hapa, watu wakakimbilia petroli iliyomwagika na ndoo na madumu, na moto ukawaka. Waliokufa siku ile na siku zilizofuata hospitalini walipita mia moja. Bodaboda wengi, wauza matunda wengi, watoto. Mjomba alivua kofia. Mwaka mzima na zaidi alisafiri akilala juu ya madumu ya petroli, moto wa kupikia chai ukiwa hatua thelathini kutoka kwenye gari, akasema hajui ni dua za nani zilizomlinda. Hatukuongea tena mpaka tulipolipita bwawa la Mindu.

Kutoka Doma kwenda mbele ni nyanya kwenye matenga kandokando ya lami, halafu ghafla hakuna mtu, hakuna duka, ni nyasi za rangi ya simba mpaka kwenye milima. Ni Mikumi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na barabara inaipasua katikati kwa kilomita hamsini hivi. Kwa msafiri wa basi ni zawadi: pundamilia, twiga, nyati, swala wengi kama mbuzi, na ukibahatika tembo wanavuka na watoto wao, na hulipi kiingilio. Kwa wanyama si zawadi. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, kuna orodha ya faini kwa kila mnyama utakayemgonga, na bado nimeona mzoga wa fisi kwenye bega la barabara, tairi likiwa limempita kichwani. Barabara ilipowekwa lami hapa, waliowaza juu ya mzigo wa Zambia hawakuwaza juu ya miguu ya tembo. Laiti ingejengwa njia ya juu au ya kuzunguka. Najua ni fedha nyingi. Naandika hivyo hivyo.

Mjomba anakumbuka kulala Mikumi wakati gari limekatika ekseli. Dereva wake alimwambia asishuke hata kujisaidia. Alifanya haja zake kwa kusimama kwenye bodi ya gari, simba wakiunguruma upande wa pili wa barabara. Kesho yake mchana kuchimba dawa kulikuwa kwa mtu mmoja kushuka na wengine wawili kulinda na nondo.

Mji wa Mikumi wenyewe ni njia panda: kushoto unakwenda Kidatu, Ifakara na mashamba ya miwa ya Kilombero. Sisi tukanyoosha, tukaingia kwenye milima, miteremko ya Iyovi, barabara ikijipinda na msitu ukishuka mpaka kwenye lami. Hapa malori yaliyokufa ni mengi. Kwa mbali unaona matawi ya majani mabichi yametupwa barabarani, moja, halafu jingine, halafu jingine, na unajua mbele kuna mwenzako amekwama. Ni lugha ya barabara ya zamani sana, mjomba aliikuta. Sheria inataka pembetatu nyekundu. Majani ndiyo yanayotangulia.

Jioni tukafika Ruaha Mbuyuni, mto upande mmoja na mibuyu kila mahali, mingine imeota mpaka karibu na lami kama askari. Joto la hapa ni la tanuri hata Julai. Vitunguu vyekundu vimefungwa kwenye nyavu, vinaning'inia kwenye vibanda kwa urefu wa kijiji, na akina mama wanakimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Tumekula samaki wa mto na ugali kwa mamantilie ambaye mama yake, alituambia, alikuwa akipika palepale. Mjomba alimtazama kwa muda. Sikumuuliza.

Siku ya tatu: Kitonga na Lugalo

Kila msafiri wa nyanda za juu kusini anaijua Kitonga. Wengine hufumba macho. Baada ya Mtandika na Mahenge unaliona genge limesimama mbele yako, na unashangaa barabara inaelekea wapi, mpaka unapoona malori madogo kama kiberiti yakitambaa juu, karibu na mbingu. Ukuta wa mawe upande mmoja, bonde upande mwingine, kona juu ya kona.

Nilimwomba mjomba tusimame chini. Alinionyesha kwa fimbo.

"Utingo wa wakati wetu hakuwa mtu wa kukaa kitini, mwanangu. Hapa unashuka. Unatembea nyuma ya gari na gogo begani. Gari linapanda kwa gia ya kwanza, wewe uko nyuma ya tairi. Dereva akikosa gia, gari likianza kurudi, unatupa gogo nyuma ya tairi. Ukichelewa, limekwenda. Na wewe umekwenda nalo."

Nilimuuliza walipanda kwa muda gani. Akasema kuna siku walianza na jua la asubuhi wakamaliza na la jioni, kwa sababu gari la mbele lilikufa na hapakuwa na pa kulipita. Masika ya 1968 walikaa chini hapa siku nyingi, malori yamepangana, tope limefika kwenye difu. Unga ukaisha. Wanakijiji wakawauzia mahindi, baadaye wakawapa bure. Alimpoteza rafiki yake mmoja katika kushuka, kijana wa Tanga waliyeanza kazi wiki moja. Breki zilichemka, zikaisha. Sitaandika jina lake hapa. Mama yake aliletewa sanduku la nguo tu.

Waingereza waliokuwa wakipita njia hii miaka ile waliiita kwa lugha yao mbio za jehanamu. Magazeti ya nje yalilipenda jina hilo. Mjomba halipendi. "Jehanamu huendi kwa hiari," alisema. "Sisi tulikuwa tunajua tunampelekea nani."

Na ni kweli walijua. Alinieleza jinsi walivyofika Zambia mara ya kwanza, watu wakawapigia makofi barabarani, na jinsi walivyorudi na vipande vya shaba, vizito, vichache vikitosha kulaza springi, vinang'aa jua likipiga. Kwenda mafuta, kurudi shaba. Kampuni ya pamoja ya nchi mbili iliundwa 1966, Zambia-Tanzania Road Services, na ikaja na magari mapya ya Fiat kutoka Italia. Mafuta yakahamia kwenye bomba la TAZAMA lililomalizika mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Liko ardhini karibu na barabara hii kwa sehemu kubwa, na ukiangalia vizuri utaviona vibao vyake. Siku hizi hupitisha dizeli. Lakini miaka ile zaidi ya miwili ya mwanzo, kati ya tamko la Smith na bomba, nchi nzima iliendeshwa na madumu.

Tulipanda taratibu nyuma ya lori lililobeba mbolea. Dereva alikuwa mzuri, alitupisha kwa taa alipoona mbele ni salama, nasi tukamshukuru kwa honi. Juu hewa ilibadilika ghafla. Unatoka tanuri unaingia kwenye friji.

Ilula ni nyanya, nyanya, nyanya. Tukanunua tenga dogo ambalo mjomba alilipigania bei kana kwamba anajenga nyumba.

Kabla ya kufika Iringa tulisimama Lugalo, kwenye mnara wa Wajerumani. Agosti 17, 1891, kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, kilikuwa kikipita hapa kwenda kumwadhibu Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wahehe waliwangoja kwenye mawe na vichaka. Vita vya dakika chache. Zelewski akafa, na Wajerumani wengine tisa, na askari wao zaidi ya mia mbili. Watu wa Mkwawa walikufa wengi pia. Nimesimama pale nikaona jambo moja ambalo vitabu havikunionyesha: Wahehe walichagua mahali ambapo njia haina budi kupita. Malori yanapita kwenye mlango uleule. Njia za zamani za misafara, njia za Wajerumani, njia za Waingereza na lami ya TANZAM, barabara hii ya Tanzania na Zambia, zote zinatii milima ile ile.

Siku ya nne: Iringa

Mapumziko. Barabara kuu haiingii mjini. Inapita chini, Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo, na mji uko juu ya genge kama mtu aliyekaa barazani akitazama wapitao. Jina Iringa linatokana na lilinga, ngome.

Mjomba alilala mpaka saa tatu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mimi nikaenda Kalenga, kwenye makumbusho, kuliona fuvu la Mkwawa. Alijipiga risasi Julai 19, 1898 asikamatwe, kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani, na Mkataba wa Versailles ukakitaja kwenye kifungu chake cha 246. Kikarudi mwaka 1954 kwa mkono wa gavana Twining. Miaka zaidi ya hamsini kuirudisha mifupa ya mtu mmoja kwao.

Mchana tukaketi na mjomba sokoni, akanichorea ramani kwenye karatasi ya kufungia vitumbua. Zamani, alisema, Iringa ilitazama kaskazini. Ile Barabara Kuu ya Kaskazini ya Waingereza ilitoka Rhodesia, ikapita Tunduma, Mbeya, Iringa, ikakunja kwenda Dodoma, Babati, Arusha, mpaka Nairobi. Ndoto yao ya kuunganisha Rasi ya Tumaini Jema na Kairo. Wenye magari walikwenda huko na huko kwa mstari huo. Tamko la Smith likaugeuza uso wa nchi. Mzigo ukaanza kutazama baharini. Iringa hadi Dar, ambayo ilikuwa mkono, ikawa mwili. Kipande cha kwenda Dodoma kikasahauliwa mpaka juzi juzi kilipopata lami yake. Nimeihifadhi ile karatasi, mafuta ya vitumbua na yote.

Siku ya tano: Iringa hadi Makambako

Baridi. Mafinga ni mbao na miche. Msitu wa Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, unakusindikiza kwa muda mrefu, misindano imesimama kwa mistari. Malori ya nguzo za umeme yanatoka humo. Nyororo, halafu nyanda tupu na upepo. Tukafika Makambako mapema, tukaliona jengo la stesheni ya TAZARA, mjomba akakataa kushuka kwa sababu ya baridi. Tukanunua soksi za sufu kwa kijana aliyezitundika kwenye kamba. Kulala saa mbili usiku, mablanketi matatu.

Siku ya sita: Makambako hadi Mbeya

Baada ya kuagana na njia ya Njombe na Songea, barabara inashuka, Igawa, na Usangu inafunguka upande wa kulia, tambarare mpaka macho yachoke. Rujewa, Chimala, Igurusi: mpunga. Mashine za kukoboa zimepangana na magunia yamefika kimo cha paa. Maji ya mpunga huu ni maji ya Ruaha Mkuu, mto uleule uliotuimbia usiku wa pili. Yanatoka kwenye milima hii ya kushoto, yanagawanywa kwenye mifereji ya Usangu, na yanayobaki yanakwenda hifadhini, Mtera, yanazalisha umeme, yanapita Ruaha Mbuyuni, yanazalisha tena Kidatu. Tangu miaka ya 1990 mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha. Mkulima wa hapa anataka kula, kiboko wa kule anataka kuishi, na wa Dar anataka taa. Nilinunua kilo tano za mchele nikijua nimo katika kesi hiyo.

Chimala ukitazama kushoto utaona barabara ya vumbi ikipanda ukuta wa mlima kwenda Matamba na Kitulo. Wenyeji wanaiita kwa idadi ya kona zake, hamsini na saba. Mjomba aliziangalia kwa heshima.

Inyala tuliishuka na kuipanda kwa makini. Mteremko huu umekula watu wengi. Kanuni ya mjomba ni moja na ameirudia kila siku ya safari: mlima unaushuka kwa gia ambayo ungeupandia. Vijana wanaweka gari huru ili kuokoa dizeli, breki zinabeba tani hamsini peke yake, zinachemka. "Dizeli utakayookoa haitoshi kununua sanda."

Uyole, njia panda ya Tukuyu, Kyela na Malawi. Viazi, ndizi, parachichi, msongamano. Kutoka hapa hadi katikati ya jiji la Mbeya ni foleni ya malori, bajaji na watu, barabara ya kimataifa imegeuka mtaa wa sokoni. Wanaipanua sasa, na ni haki. Wakazi wamevumilia mno.

Nilikuwa nimepanga nyumba ya wageni mbele, lakini mjomba aliniambia nikate kushoto, kisha kulia, kisha niegeshe. Tulikuwa Mafiat.

Nimefika Mbeya mara nyingi. Mafiat ni kituo cha daladala, ni mahali pa kukutana, ni jina ambalo kondakta analiita bila kulifikiria. Sikuwahi kujiuliza. Mjomba alisimama kwenye jua la jioni, mikono nyuma, akasema: "Hapa ndipo yalipokuwa yanalala. Mafiati. Ukitoka Dar unafika hapa, ukitoka Zambia unafika hapa. Watu wakasema twende kwenye Mafiati. Basi."

Kwa siku sita nimekuwa nikitafuta. Reli ina makaburi ya Wachina kule Gongo la Mboto, yanatunzwa, viongozi wanaweka mashada, na ni haki yao; waliacha kwao wakafia kwetu. Ina tarehe yake, Julai 14, 1976, siku ilipokabidhiwa. Ina kilomita zake 1,860 zinazokaririwa. Madereva na matingo waliofia Kitonga, Iyovi na Inyala sijawaonea hata jiwe. Nimetazama kila kona. Na kumbe kumbukumbu iko hapa, inaitwa kila dakika na makondakta wenye umri wa wajukuu zao, "Mafiat, Mafiat, wa Mafiat ashuke."

Nilimpiga mjomba picha pale. Hakutabasamu, hatabasamu kwenye picha.

Usiku, baada ya kula, alinieleza sehemu ya mwisho. Lami ilivyokuja kwa vipande, mikopo ya Benki ya Dunia, ya Marekani, ya Sweden, wakati huohuo Wachina wakitandika reli. Mataifa makubwa yaliyokuwa yakichukiana yakijenga kandokando kuelekea mpaka mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika. Safari iliyokuwa ya wiki ikawa ya siku. Januari 1973 Smith akaufunga mpaka wa Zambia kama kuwaadhibu. Alipoufungua, Kaunda akakataa, akaufunga upande wake mpaka 1978. Mzigo wote ule ukalazimika kutafuta njia nyingine, na Dar ikafurika. Mjomba alikuwa ameshapata leseni. Aliendesha miaka ile bila Idi mbili mfululizo nyumbani.

Siku ya saba: Mbeya hadi Tunduma

Kilomita mia moja na kidogo. Iwambi, mteremko, Mbalizi. Songwe, kiwanda cha saruji na vumbi lake jeupe. Tulipoingia Mbozi tukaacha lami kwenda kukiona Kimondo, kipande cha chuma kilichotoka angani, zaidi ya tani kumi, kimelala kilimani kana kwamba kimewekwa jana. Mjomba alikigonga kwa pete yake kikalia kama kengele. Aliendesha miaka thelathini akikipita kilomita chache tu bila kukiona. "Gari la mzigo halina utalii," alisema, na aligonga tena.

Mlowo, Vwawa, kahawa. Halafu Mpemba, na kabla hujauona mji wa Tunduma unaiona foleni. Malori yamesimama upande wa kushoto, moja nyuma ya jingine, sikuhesabu, nilipima kwa mita ya gari nikaacha baada ya kilomita tatu. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa Oktoba 2019, Tanzania na Zambia chini ya paa moja, ili gari likaguliwe mara moja tu. Imesaidia. Lakini mzigo umekua kuliko paa. Sasa si Zambia peke yake; mengi ya magari haya yanakwenda Kasumbalesa na Lubumbashi, na yanarudi na shaba na kobalti ya Kongo. Kando ya foleni madereva wamefunga turubai, wanapika, wanafua, wanacheza bao. Nilisikia Kiswahili cha Lubumbashi, cha Dar na cha Mombasa katika mita hamsini.

Tunduma na Nakonde ni mji mmoja ambao mpaka umepita katikati yake kama mshono. Wabadilisha fedha wana mabunda ya kwacha mkononi. Akina mama wanavuka na ndoo za dagaa vichwani wakisalimiana Kinyamwanga.

Mjomba hakutaka kwenda mpaka kwenye geti. Alirudi nyuma kidogo kwenye foleni, akasimama mbele ya lori la mafuta, akaanza kulizunguka, akibonyeza matairi. Dereva, kijana wa miaka thelathini hivi, akashuka haraka, kisha alipomwona ni mzee akapunguza sauti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Ndola, mzee."

"Umebeba nini?"

"Petroli."

Mjomba akaweka kiganja kwenye tenki, akakiacha pale. Akamwuliza Mbeya hula wapi. Kijana akasema Mafiat, kuna mama pale anapika vizuri. Unajua kwa nini panaitwa Mafiat? Kijana akacheka kidogo, akasema ni jina tu. Mjomba akageuza dumu tupu lililokuwa kando ya tairi, akakaa juu yake, akamwonyesha kijana jiwe la kukalia. Utingo naye akasogea na sufuria yake ya wali.

"Ilikuwa mwaka 1965," akaanza.

Nikawaacha, nikaenda kutafuta chai ya watu wanne.